Mwaka wa Kumsomea Nyaboke

Tulimzika Nyaboke Jumatatu ya wiki iliyopita, kando ya nyumba yake, chini kidogo ya soko la Birongo. Vijana waliochimba kaburi walikuwa bado hawajanawa mikono pale Ondieki, mtoto wa shemeji yake Nyaboke, aliponishika kiwiko akanivuta hadi kwenye migomba. Alikuwa amevaa koti la kuazima, mabega yamempita. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi: "Mwalimu, mchungaji wa siku zile alishakufa, wazee wa kanisa pia walishakufa. Umebaki wewe peke yako wa kusema venye Moraa alifukuzwa hapa. Wakili anataka uandike, uapishwe, ni hivyo tu. Si utasema tu ile ulisoma? Kwani Biblia imebadilika?" Nilimwambia nitafikiri. Kusema kweli sikuwa nafikiri chochote. Nilikuwa natazama viatu vyangu, namna matope mekundu ya Birongo yalivyovishika.

Jambo lenyewe si gumu kueleza. Nyaboke alifiwa na mume akiwa hana mtoto wa kiume, na kwetu nyumba isiyo na mtoto wa kiume huhesabiwa kuwa imezimika. Basi akafanya walivyofanya wanawake wengi kabla yake: akapeleka ng'ombe kwa kina Moraa, akamwoa Moraa awe mkaza mwana wake, mke wa mtoto ambaye hakuzaliwa. Moraa akazaa Mogaka na dada yake. Aliyezaa naye alijulikana na hakutajwa, ndiyo adabu ya jambo hilo. Watoto walimwita Nyaboke bibi, wakatumia jina la mumewe, na shamba likawa na wa kulilima. Sasa Nyaboke hayupo. Wakili wa Ondieki anasema sheria ya ndoa inamjua mume na mke, basi, na Maandiko pia. Wakili wa Moraa anasema mila ni mila, na Maandiko hayo hayo yamejaa ndoa za kila namna. Wote wawili, naambiwa, huingia na Biblia ndani ya faili. Lakini kitakachoamua kama Moraa na wanawe watalala pale mwaka ujao ni jambo dogo zaidi: kama Nyaboke mwenyewe aliivunja ndoa ile, kwa hiari yake, mwaka nilioishi kwake. Na huo mwaka ni mimi ninayeujua.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, mwalimu ambaye hajasomea ualimu, nimetumwa kufundisha darasa la tatu katika shule iliyo ng'ambo ya mto. Nyaboke alinipa chumba cha kando. Kilikuwa na kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia nguo, na kuta zilizobandikwa magazeti kuzuia upepo, kwa hiyo nilikuwa nikilala huku nikisoma matangazo ya mbolea. Ukuta kati yangu na jiko ulikuwa wa udongo mwembamba. Nilisikia kila kitu: kuni zikivunjwa, Moraa akimtuliza mtoto, Nyaboke akilalamika kwamba chumvi ya siku hizi haina nguvu. Tulikula ugali wa wimbi kwa chinsaga, ile mboga chungu ambayo Moraa aliipika leo tukaila kesho, imelazwa na maziwa hadi ukali umeisha. Siku chai ilipolipa vizuri kulikuwa na ndizi za kupika na parachichi. Moraa alikuwa akirudi kutoka kituo cha kununulia majani chai, kikapu kimemwachia alama mbili mabegani, akae chini, anyooshe miguu, asiseme kitu. Nilimchukulia kuwa mtu wa maneno machache, na nikaishia hapo. Mtu akiwa na miaka ishirini na cheti cha kidato cha nne, ana mambo mengi ya kusema kuliko ya kuuliza.

Mwaka ule redio ilikuwa ikibishana juu ya sheria moja ya ndoa kwa Wakenya wote, na ofisi ya walimu nayo ikabishana. Mwalimu mkuu aliona hakuna haja ya mjadala, Mungu alishamaliza kazi hiyo Edeni kwa watu wawili. Mwalimu wa hesabu, ambaye baba yake alikuwa na wake watatu, alimwuliza Yakobo alikuwa na wangapi, na Suleimani je, au hao walikuwa wa madhehebu mengine. Watu walicheka, chai ikamiminwa, mwalimu mkuu akasema Biblia haifundishi kila inachosimulia. Mwalimu wa hesabu akataka kujua nani hutenganisha kinachofundishwa na kinachosimuliwa, na kengele ikalia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetoka katika darasa la vijana kanisani, Nyanchwa, nikiwa nimekariri kwamba kitabu kile kimevuviwa na Mungu mwanzo hadi mwisho, kila neno lina uzito sawa, na ukiling'oa moja nyumba yote inaanguka. Nililiamini hilo kama ninavyoamini kuwa maji hushuka mlima. Ila nilikuwa mwenye kiburi nalo pia, na kiburi hicho ndicho kilichokuja kutugharimu.

Nyaboke alitaka kubatizwa. Alikuwa amepita miaka sitini, hajui kusoma, na alisema hataki kwenda kwa Nyasae, yaani Mungu, kama mtu anayeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Mchungaji alikuwa mtu mpole, alikuja kwa baiskeli na kula alichopewa. Alinipa kazi ya kumsomea kila alasiri nikitoka shule. Basi nikawa nakaa mlangoni penye mwanga na Biblia ya Ekegusii, lugha yetu, naye anapepeta wimbi kwenye ungo. Hakusikiliza kama wanafunzi wangu. Alisikiliza kama mzee wa baraza anayesikiliza kesi ya mpaka. Alitaka kujua nani alimsikia Mungu akizungumza na Ibrahimu, kama Ibrahimu alikuwa peke yake. Alitaka kujua kwa nini nyoka anahukumiwa na hakupewa nafasi ya kujibu. Nami nikamjibu kwa ile kauli yangu ya Nyanchwa, nikimwita bibi kwa lugha yetu: usichague, Magokoro, yote ni kweli sawasawa, ukikataa neno moja umekataa yote. Niliirudia mara nyingi hata akawa anaimalizia mwenyewe kabla sijafika mwisho. Nilifurahi kwamba mwanafunzi wangu ameelewa.

Siku ya mvua ya mawe shule ilifungwa mapema. Nilimkuta Nyaboke jikoni na sikutaka kuendelea na sheria za dhabihu, zilikuwa zimenichosha hata mimi, kwa hiyo nikafungua Ruthu kwa sababu ni fupi. Sura ya kwanza akaweka ungo chini. Mjane asiye na mtoto wa kiume aliyebaki, mkaza mwana anayekataa kumwacha, mtu wa ukoo anayezaa mtoto ili jina la marehemu lisipotee shambani mwake: alizisikiliza habari hizo bila kuuliza hata swali moja. Nilipofika pale wanawake wa mji wanaposema mtoto amezaliwa kwa Naomi, kwa mama mkwe, aliniambia ningoje. Akatoka mlangoni, akamwita Moraa kutoka kwenye chai, mvua inanyesha. Moraa akaja, akasimama kizingitini na kikapu mgongoni, maji yanamtiririka, na nikatakiwa kusoma upya mstari ule. Nyaboke alimtazama. "Umesikia?" akasema. "Tumo." Moraa alitikisa kichwa kuitikia, akarudi kuchuma. Nadhani ile ndiyo siku niliyokuwa karibu zaidi na furaha katika nyumba ile, na hata siku hiyo niliwaza zaidi jinsi nilivyosoma vizuri.

Nyaboke hakuweza kukaa na habari njema. Aliitangaza sokoni, akaitangaza kwenye kituo cha chai, na Sabato iliyofuata akaitangaza katika darasa la ubatizo, mbele ya wazee wa kanisa waliokuwa wameshakata shauri kwamba mwanamke hawezi kubatizwa huku ana mke nyumbani. Aliwaambia ana shahidi ndani ya kitabu chao. Siku mbili baadaye mchungaji alikuja, akala viazi, akanipa kikaratasi alichoandika sura kwa kalamu nyekundu. Hakuwa na hasira. Aliniambia mama yule ana moyo mzuri lakini amesikia upande mmoja tu, na mimi niendelee kusoma, Neno lenyewe litafanya kazi. Mwisho wa orodha kulikuwa na Ezra, sura ya tisa na ya kumi. Nilizipitia kwa haraka chini ya mwembe wa shule, nikaona ni habari za watu waliorudi kutoka uhamishoni, wakaambiwa wake zao wageni ni dhambi, wakakubaliana kuwafukuza pamoja na watoto waliozaa nao. Nilijua zitamfanyia nini. Sitajitetea hapo. Nilijua, na nikasema moyoni kwamba si mimi ninayesema, ni kitabu.

Nilimsomea Alhamisi. Nyaboke alikuwa kwenye kigoda, mikono imetulia mapajani, wimbi haliguswi. Moraa alikuwa nyuma ya ule ukuta mwembamba akikata mboga, nilisikia kisu kikigonga ubao. Nikasoma jinsi walivyokusanyika uwanjani kwenye mvua wakitetemeka, jinsi walivyopaza sauti kukubali. Kisha nikafika mahali penye majina. Kila msomaji wa kanisani anayajua majina hayo: mwana wa fulani, mwana wa fulani, yanayokata ulimi. Darasani watoto walikuwa wakinicheka nikikwama, kwa hiyo nilijizoeza kuyaruka, jicho linaona jina linahama lenyewe kwenda mstari unaofuata. Nikaruka. Nikaendelea na uchunguzi uliochukua miezi, nikafika kwenye orodha ndefu ya waliowaacha wake zao, nikairuka nayo pia, nikamalizia kwa wale wanawake waliokuwa wameshazaa watoto. Kisu kilikuwa kimenyamaza. Nyaboke akauliza, "Na hakuna aliyekataa? Katika watu wote wale?"

"Hakuna, Magokoro."

"Hata mmoja?"

Nilisema hata mmoja. Sikuangalia tena kitabu. Nyuma ya ukuta kisu kikaanza tena kukata, polepole.

Siku kumi hivi zilipita, Nyaboke akifanya kazi zake. Alikwenda shambani, akarudi, akala kidogo. Nilimwona mara akimshika Mogaka kichwani, amwachie, amshike tena. Kisha asubuhi moja, nikiwa nafunga viatu, alikuja mlangoni kwangu akaniambia amekwisha kumwambia Moraa aende kwao, Marani, na watoto. Nilimwuliza kama ana hakika. Ni swali la kipumbavu, nalikumbuka kwa sababu hiyo. Alinijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mwalimu hesabu ambayo mwalimu mwenyewe ndiye aliyeifundisha. "Uliniambia neno moja likianguka, yote yanaanguka. Mimi nataka ile ya Ruthu isimame." Halafu akasema kwamba kama angekuwepo hata mtu mmoja aliyekataa, angesimama nyuma yake, maana hajawahi kuogopa kuwa wa pili. Ila kuwa wa kwanza, mbele ya Nyasae, hajui kusoma, hilo hakuliweza.

Moraa aliondoka Jumapili. Nyaboke alimpa kuku mmoja, debe la wimbi na sufuria kubwa. Moraa aliniomba nimsaidie kufunga godoro, nikashika ncha ya kamba huku yeye akikaza kwa goti. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kabisa. Watoto walidhani wanakwenda kutembea. Nilisimama barabarani hadi wakapotea, nikingoja nihisi jambo fulani, huruma au aibu, kwa sababu nilijua ndiyo saa yake. Sikuhisi kitu. Nilirudi ndani nikasahihisha madaftari ya darasa la tatu, alama ya vyema na alama ya makosa, yote arobaini. Watu husema moyo ulimuuma, moyo ulimchoma. Wangu ulikaa tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na miaka yote hii sijui kama damu ilipata kurudi sawasawa.

Nyaboke alibatizwa mwezi uliofuata, mtoni, maji yakiwa baridi na rangi ya udongo. Aliibuka akikohoa, wanawake wakamfunika kwa khanga, wimbo ukaimbwa. Mchungaji alinishukuru kwa mkono. Nyumbani, jioni ile na jioni zote zilizobaki za mwaka ule, Nyaboke alisonga ugali wa watu watano. Hakulia juu yake wala kuuzungumzia. Alipakua wa watu wawili, uliobaki akaufunika, asubuhi akawapa kuku. Mimi nilikula wangu. Muhula ulipoisha nilipata nafasi ya chuo, nikafunga sanduku langu, akanipa ndizi za njiani. Aliniambia nimemfungua macho. Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo nilivyojiambia.

Nililipata kosa langu miaka minane baadaye, nyumbani Nyanchwa. Nilikuwa natayarisha somo la Sabato kwa Kiswahili, nimeshakuwa mwalimu kamili, nimeolewa, na sikuwa tena na woga wa majina magumu. Nikasoma yote. Na pale nilipokuwa nimeruka, katikati ya sura, kulikuwa na mstari unaosema kwamba watu wawili, na majina yao, walisimama kulipinga jambo lile, na wengine wawili, na majina yao, wakawaunga mkono. Wanne. Nikafunua Biblia ya Ekegusii, nayo imewataja. Nikaufunika ule ukurasa kwa kiganja. Kisha nikaenda jikoni nikapika chai, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja, nikafundisha somo vizuri. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimesikia kwamba macho ya Nyaboke yamekwisha, na kwamba Moraa, bila kuitwa, alirudi na wanawe waliokuwa wamekua, akaingia jikoni akawasha moto. Nikajiambia mambo yamejirekebisha, na nikipeleka maneno sasa nitatonesha tu kidonda. Akili ya mwoga haikosi sababu. Hadi leo watu huniuliza, kwa kuwa nafundisha, kama Biblia inaaminika. Huwa nawaambia sijui kuhusu kitabu. Najua kuhusu msomaji.

Basi siku ya mazishi, baada ya Ondieki kuniacha kwenye migomba, nilikwenda nyuma ya jiko. Wageni walikuwa wanapungua. Moraa alikuwa ameinama anasugua masufuria kwa majivu, mikono ya mwanamke mzima aliyemwogesha kipofu kwa miaka mingi. Ondieki atasema mahakamani kwamba Moraa alikuwa mfanyakazi wa nyumbani. Nilishika kitambaa nikaanza kukausha. Nikamweleza yote bila kumtazama: siku ile ya Alhamisi, majina, lile swali la mama, jibu langu, na kwamba walikuwepo wanne. Nilisema Nyaboke amekufa akiamini kwamba hakukuwa na yeyote, kwa sababu yangu. Hilo la mwisho lilinitoka kwa shida, nikaona aibu kwamba linaniuma sasa, ugenini, na si wakati ule.

Moraa alisuuza sufuria, akaipindua kwenye nyasi. "Nilijua," akasema. "Mimi nilifika darasa la saba, Mwalimu. Hiyo sura tulisoma shuleni kwa masista, Marani. Nilikuwa nangoja ufike hapo. Nilishika kisu hivi, nikangoja. Ukapita."

Nilimwuliza kwa nini hakutoka, hatua tatu tu, aseme.

"Ningesema mimi, ingekuwa najitetea. Yeye alitaka kusikia kutoka kwa mtu wa kitabu." Akachukua sufuria nyingine. "Baadaye, macho yakiwa yameisha, nilimsomea mwenyewe. Yote, na hayo majina. Aliniambia nirudie. Halafu akauliza kama wewe ulijua. Nikamwambia hukujua."

Nilisimama pale na kitambaa. Kwa hiyo Nyaboke alikuwa amekufa akijua, na mimi ndiye niliyekuwa nimelindwa, tena na wale wawili niliowavunjia nyumba. Nilimwambia Moraa kwamba nitakwenda kwa wakili, lakini si kwa wa Ondieki, na nitaandika kila kitu kama kilivyokuwa, nilichosoma na nilichoruka. Hakunishukuru. Alijipangusa mikono kwenye leso, akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile.

"Andika," akasema. "Na uandike hii pia. Kanisa walikaa, wazee walikaa, wewe ukasoma, mama akaamua. Sasa korti watakaa. Mimi ndiye nilikuwa naolewa na mimi ndiye nilikuwa nafukuzwa. Hakuna mtu aliniuliza kama nataka kwenda."

Hati ya kiapo iko mbele yangu, itapelekwa mjini kesho. Wakili alitaka ianze na jina langu, umri na kazi. Nimemwambia hayo yatafuata. Inaanza na maneno ya Moraa.